Jina Lililobaki Namanga

Wanawake wa Soipan hawana sura. Ukiingia kwenye chumba chake cha kazi hapa Kitengela, nyuma ya duka la saruji na mabati, utawakuta wameegemezwa ukutani, wakubwa kama watu wazima, na hakuna hata mmoja mwenye macho. Mikono wanayo. Mmoja anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto, na unaweza kuapa unasikia harufu ya moshi. Mwingine anakanda samadi na majivu ya kusiriba nyumba. Kuna anayefunga mzigo juu ya punda, kucha ya kidole gumba imevunjika. Miguu wanayo pia, na pindo za shuka, na bangili za shaba kwenye vifundo. Halafu unapanda na macho yako, kiuno, shanga, shingo, na ukifika juu unakuta rangi ya udongo tupu, kama mtu aliyepanguswa na kitambaa.

Watu wa Nairobi wanazipenda picha hizo kufa. Wanakuja na viatu vyeupe, ambavyo vumbi la Kitengela limekuwa likivisubiri kwa hamu, wanasimama mbele ya picha, wanainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayekagua punje ya mahindi, halafu wanaanza. Mmoja aliandika gazetini kwamba kukosekana kwa sura ni kilio cha mwanamke aliyenyimwa nafsi yake. Mwingine, aliyevaa skafu ya sufi kwenye jua la saa sita, alisema hapo anaona utamu wa machungu ya kukumbuka nyumbani. Mimi nilisoma diploma ya uanahabari nikaifikisha nusu, na hata kwenye nusu hiyo sikuwahi kukutana na uongo uliopigwa pasi vizuri namna ile.

Ukweli ni mfupi. Soipan hajui mama yake alikuwa na sura gani.

Mama huyo alikufa Soipan akiwa wa kuanza shule, mwaka ule wa mvua kubwa ya El Nino. Alikuwa akijifungua. Walimpakia kwenye trela ya trekta kumpeleka hospitali, wakakuta mto umejaa, wakakaa ukingoni wakiutazama. Mtoto naye hakuishi. Soipan alibaki na kile ambacho macho ya mtoto mdogo yanaweza kubeba: magoti, pindo, mkono unaoshuka kutoka juu ukiwa na kikombe. Ndiyo maana picha zake zote zimechorwa kama na mtu aliyechuchumaa. Sura ilikuwa huko juu kwenye moshi, na hakuna aliyemwambia mtoto aiangalie vizuri kwa sababu itaondoka.

Picha ya kamera? Alipigwa moja tu maishani, ya kitambulisho, na kitambulisho cha marehemu kinarudishwa kwa chifu. Nyumba yake, aliyoijenga kwa mikono yake kama walivyofanya akina mama wa wakati huo, iliachwa ikaanguka yenyewe. Na jina lake likafungiwa. Kwetu aliyekufa haitwi. Unaweza kusema "yule," unaweza kusema "mama wa fulani," lakini jina lenyewe ukilitamka mbele ya wazee, watu wanaacha kutafuna.

Mimi ni binamu ya Soipan. Baba yake, Mzee Simel, ni mjomba wangu, ndugu ya mama yangu, kwa hivyo haya siyasemi kwa kuyasikia barabarani. Mjomba ana kumbukumbu ya kutisha. Muulize kuhusu ng'ombe aliyekufa na kiangazi miaka mingi iliyopita. Atakuambia alikuwa mwekundu mwenye tumbo jeupe, pembe ya kushoto imeinama, mkaidi mlangoni pa zizi, na alizaa majike matupu. Atakupa mama ya ng'ombe huyo na bibi yake mpaka usinzie. Siku moja Soipan alimwacha amalize ukoo wote wa ng'ombe, halafu akamuuliza: na mama?

"Alikuwa mpole," Mjomba akasema. Akachukua fimbo yake akaenda kuangalia maji ya mbuzi.

Mpole. Ukiuliza shangazi zake, alikuwa mpole. Ukiuliza mke mkubwa aliyemlea Soipan, mpole. Ukoo mzima ulikuwa umemwekea mtu neno moja, kama blanketi moja la shule wanalolalia watoto wanne. Soipan akikumbuka jibu hilo alikuwa anakwaruza rangi kwenye picha kwa kisu, na siku hiyo ni heri usimletee chai.

Mambo yalichemka mwaka jana, kanisa la kwetu, upande wa Kajiado, lilipomaliza kujenga ukumbi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Saruni, kaka yake Soipan, mtoto wa mke mkubwa. Saruni ni dalali wa ploti. Ameuza Kitengela, ameuza Kisaju, ameuza mahali ambapo hata fisi hawajapaona. Ukumbi aliupa jina la babu yetu, Mzee Saning'o, aliyefariki zamani. Sasa akaja kwa Soipan kutaka ukuta wa mbele ndani ya ukumbi uchorwe akina mama wa boma letu, kwa sababu akina mama wa kanisa ndio waliobeba mawe na maji, na ilionekana vibaya wasiwekwe popote.

"Wachore tu vile wewe huchoranga," akasema. "Bila uso. Hapo hakuna mtu atagombana."

Soipan akauliza kama anaweza kuandika majina yao chini.

"Wale wako hai, sawa. Marehemu hapana. Unajua mila, dadangu."

Alikuwa ameegemea gari lake akisema hayo. Nyuma ya gari, limefungwa na blanketi kama mgonjwa, lilikuwa jiwe jeusi la kubandikwa mlangoni mwa ukumbi. Soipan akalifunua. Lilikuwa limechongwa MZEE SANING'O kwa herufi za dhahabu, kila moja kubwa kama kiganja.

"Na huyu?" akauliza. "Huyu amesafiri?"

"Babu ni historia," Saruni akasema.

"Na mama yangu?"

"Mama yako ni mama yako."

Nilikuwa hapo, na bado najiuliza mtu anawezaje kusema jambo kama hilo na uso usimwume. Soipan alifunika jiwe akamwambia kaka yake atachora, kwa sharti moja: turubai litundikwe mbele ya ukuta na mtu yeyote asichungulie mpaka siku ya ufunguzi. Saruni akakubali upesi, akidhani ameshinda.

Alipoondoka, Soipan alinigeukia akaniuliza kama pikapu yangu inaweza kufika Namanga. Nikamwambia inaweza kufika, kurudi ndiyo hatujajadiliana.

Namanga yuko Phylis, mdogo wa mama yake. Siku ya mazishi Phylis alirushiana maneno na Mjomba mbele ya kaburi, akitaka kujua kwa nini dada yake alikaa nyumbani na uchungu mpaka mto ukajaa. Tangu siku hiyo ukitaja Namanga kwetu, watu wanaanza kuzungumzia hali ya hewa. Soipan alikua akiambiwa kwamba Phylis ni mwanamke wa mdomo, na mtoto akiambiwa mtu ni wa mdomo anaogopa. Angekuwa amejua kwamba mdomo ndio aliouhitaji, angeenda tangu akiwa na meno ya utotoni.

Tulimkuta kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Mwanamke mfupi, koti la mwanamume juu ya shuka, mikufu ya shanga imemjaa mkononi mpaka kiwiko, akimweleza dereva mmoja kwamba mke wake akiona bangili hiyo atasahau makosa yake yote hata yale ambayo hajayafanya bado. Soipan akasogea, akainamisha kichwa kama tunavyoinamisha kwa wakubwa.

"Takwenya," Phylis akamsalimia, na kumwekea mkono kichwani.

"Iko," Soipan akaitikia.

Mkono haukuondoka. Ulikaa pale kichwani muda mrefu, ukatambaa mpaka kwenye paji la uso, na mwenye mkono akasema kwamba tumechelewa sana. Hakuuliza sisi ni nani. Dereva akaendelea kungoja na pesa zake mkononi.

Tukakaa kwenye kreti za soda kando ya kibanda chake. Soipan, kwa sauti ndogo, akasema amekuja kuuliza habari za mama yake, na akalitaja jina. Lile alilolisikia utotoni watu wakimwita mama yake. Sikuwahi kumsikia akilitamka, na mimi mwenyewe nilitazama nyuma kama kuna mzee anasikia.

Phylis akageuza uso kama aliyeonyeshwa nyama iliyooza.

"Hilo ni lenu," akasema. "Nyinyi ndio mlimpa, na nyinyi ndio mmelizika. Usiniletee hapa."

Soipan hakuelewa. Phylis akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakujua anacho. Kwamba mwanamke akiolewa akafika bomani kwa mume, akina mama wa pale wanampa jina jipya, na la kwao linaishia njiani. Tunajua hilo sote. Bado linafanyika kwenye harusi, tunapiga makofi, tunapiga picha. Lakini Soipan, miaka hiyo yote ya kuchora wanawake, hakuwahi kukaa akajiuliza mama yake alikuwa nani siku moja kabla ya kupigiwa makofi.

"Hapa kwetu aliondoka akiitwa Nasieku," Phylis akasema. "Hilo halikufa. Alilivua tu akaliacha nyumbani. Mimi nimelikalia kama kuku. Nani wa kunikataza kulisema? Baba yako hata halijui."

Soipan alitoa kipande cha mkaa kwenye mfuko wa koti, akapasua boksi la biskuti, akaanza kuchora. Aliuliza kama ni kweli mama yake alikuwa mpole.

"Nani?"

"Mama. Kila mtu anasema alikuwa mpole."

Phylis alicheka mpaka mikufu ikalia. Akainua kidevu chake akatuonyesha kovu. Kazi ya Nasieku hiyo. Walikuwa wakigombania kibuyu. Akasema kuna morani alimwamrisha Nasieku amchotee maji, Nasieku akachota, akayamwaga miguuni pake, na morani aliposogea akarushiwa jiwe la goti. Alikuwa anacheka kwa pua. Alikuwa anaimba vibaya na hakubali kunyamaza. Alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kushoto, na hilo lilikuwa la Phylis, kwa sababu kidevu hakikwenda bure.

"Paji la uso ni lako hilo," akasema akimtazama Soipan. "Kwingine kote ni Simel. Pole."

Kila Soipan alipochora, mama yake mdogo alivuta boksi akakosoa. Macho yawe mbali zaidi. Mdomo usifungwe hivyo, Nasieku hakuwahi kufunga mdomo. "Hapana, mkali zaidi. Hapo umemchora kama anaomba chumvi kwa jirani." Mkaa ukaisha, nikatumwa kwa mama anayechoma mahindi nilete mwingine. Na nilivyorudi, kwenye boksi lile la biskuti alikuwa amekaa msichana, amekunja nyusi, ananitazama kama mimi ndiye niliyemwagiza maji.

Phylis aliangalia kidogo tu, halafu akainuka akaenda kwa malori, na akauza vibaya, kwa sababu alikuwa hawaoni wateja vizuri.

Njiani Soipan hakulia. Alitukana. Kuanzia Namanga mpaka Kajiado mjini alikuwa anarudia neno moja, mpole, mpole, kwa sauti tofauti tofauti, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Walimchukua msichana wa mawe, akasema, wakambadilisha jina, akafia kwenye trela, halafu wakamsafisha mpaka akawa mpole ili asiwasumbue. Nami, alisema, nami nimewauzia watu wa Nairobi kichwa kisicho na kitu wakanisifu.

Alifanya kazi nyuma ya turubai mpaka wiki ya ufunguzi. Siku yenyewe ilikuwa na mahema, mbuzi wa kuchoma, na maspika makubwa yaliyokuwa yakikoroma kuliko mhubiri. Askofu alikata utepe chini ya jina la Babu la dhahabu. Wote wakaingia, Saruni akavuta turubai.

Msichana. Peke yake, ukuta mzima. Amesimama na debe tupu miguuni, maji yamemwagika kwenye vumbi, mkono mmoja nyuma ambapo huoni ameshika nini lakini unaweza kukisia. Kovu kwenye nyusi. Mdomo wazi, katikati ya neno. Na chini yake NASIEKU, herufi zimepimwa zikalingana na zile za mlangoni.

Askofu akasema ni kazi nzuri sana, akapiga picha na simu yake. Hilo ndilo lililouokoa ukuta baadaye, maana hata Saruni hawezi kufuta kitu alichokisifu askofu. Lakini minong'ono ilishaanza. Nasieku ni nani? Ni wa kwa nani? Saruni akamsogelea dada yake akitabasamu kwa meno tu, akamuuliza kama amechora mtu wa ukoo mwingine kwenye ukumbi wetu.

Mjomba aliinuka kwenye kiti cha mbele. Akatembea mpaka ukutani na fimbo yake. Alitazama sana.

"Huyu msichana simjui," akasema.

"Najua, Papa," Soipan akasema, na ukumbi wote ukasikia. "Hukumuuliza. Alilala nyumbani kwako, akakuzalia, akafa, na hukumuuliza kwao alikuwa anaitwa nani."

Hapo ndipo watu wakaelewa. Mke mkubwa akajifunika mdomo na leso. Mchungaji, mtu mwenye hofu ya kila kitu isipokuwa chakula, akapendekeza haraka kwamba labda tuandike "Mama Soipan," kila mtu afurahi. Soipan akamwambia akabandue kwanza jiwe la mlangoni aandike "Baba Simel." Mchungaji akakumbuka kwamba nyama ilikuwa tayari. Mjomba hakula. Alitoka nje bila kuaga.

Jumatatu yake Saruni alichukua rangi nyeupe iliyobaki ya ukumbi akafuta jina. Jina peke yake. Soipan akaenda akaliandika tena. Saruni akafuta. Soipan akaandika. Ikawa kazi. Mimi nilikuwa nawapeleka wote wawili, siku tofauti, maana gari la Saruni lilikuwa gereji, na wote walikuwa wananuna kwenye kiti kile kile. Nilimuuliza Soipan kama hachoki. Akasema kumchora bila uso ndiko kulikokuwa kunamchosha.

Halafu siku moja Saruni akafika Kitengela mwenyewe, shati la kanisani limejaa rangi ya buluu, ile ya kuwekea kondoo alama. Hakuweza hata kukaa.

"Ni Papa," akasema. "Baada ya ibada aliniambia nilete ngazi. Nikajua anataka kumfuta huyo wenu mzima. Akapanda, na hayo magoti yake. Akachovya kidole kwenye mkebe, akaandika. Kidole! Nikamwambia, Papa, si ni mila? Akaniambia, shika ngazi."

"Ukashika?" nikamuuliza.

"Ningefanya nini, aanguke?"

Tulienda siku hiyo hiyo. Nilikuwa nategemea machozi, nikiri. Nilijua kabisa jinsi jambo kama hili linavyoisha kwenye mahubiri. Ukutani, juu ya rangi nyeupe ya Saruni, lilikuwa jina lile lile, Nasieku, kwa buluu. Herufi za kwanza kubwa kama debe, za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi, rangi imechuruzika mpaka sakafuni. Mjomba alikuwa amekaa nje ya mlango kwenye kiti cha plastiki, kidole bado cha buluu.

Soipan alimwinamishia kichwa, kwa sababu heshima ni heshima. Mzee akamgusa.

"Umeandika," Soipan akasema.

"Ee."

"Liseme."

Mjomba alifungua mdomo. Niliona ulimi wake ukijaribu. Mzee anayeweza kuita ng'ombe mia mmoja mmoja. Akatikisa kichwa, akatazama upande wa zizi.

"Basi bado," Soipan akamwambia.

Akaingia ndani, akavuta kiti kingine cha plastiki, akakileta nje akakaa mkabala na baba yake, magoti yao karibu kugusana. Akaniambia mimi niende zangu na pikapu, yeye hana haraka.